Upendo Mbele ya Hakimu

Kisa cha wanawake wawili waliomgombea mtoto mbele ya Sulemani kinajulikana kanisani na msikitini. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme ni wanawake wa nyumba moja, na mmoja wao alimlalia mwanawe usiku akafa. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim ni mbwamwitu aliyemchukua mtoto wa mmoja wao, na Daudi alikwisha kumpa haki mwanamke mkubwa kabla Sulemani hajaagiza kisu cha kumgawa mtoto vipande viwili. Simulizi zote mbili zinaishia mahali pamoja: aliyekuwa radhi kumkosa mtoto ili mtoto aishi, ndiye aliyepewa. Tunakisifu kisa hiki kwa hekima yake, lakini mara chache tunajiuliza Sulemani alipima nini hasa. Mtoto hakuwekwa katikati ili ionekane atamtambalia nani. Hakuna aliyehesabu alilia mara ngapi. Waliopimwa ni watu wazima, na walipimwa kwa jambo moja: nani kati yao anaweza kuutanguliza uhai wa mtoto mbele ya haki yake mwenyewe. Mahakama za zama zetu zimeligeuza swali hilo. Mtoto anapodaiwa kutelekezwa au kuteswa, au wazazi wanapotengana wakamgombea, zinazidi kutaka kujua mtoto mwenyewe ameambatana na nani, kwa kiasi gani, na kama mwambatano huo ni mzima au una kasoro. Hoja yangu ni kwamba swali hilo, kwa jinsi linavyoulizwa, linamtwisha mtoto mzigo wa ushahidi asioweza kuubeba, na linawapa wataalamu mamlaka ambayo sayansi yao haijawapa. Mahakama ina haki ya kuyahukumu malezi. Kuuhukumu upendo kwa kuutazama saa moja ni jambo jingine kabisa.

Swali lenyewe halikuzuka kwa nia mbaya. Mwaka 1951 daktari wa akili wa Uingereza, John Bowlby, aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuhusu watoto waliokosa makazi na wazazi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Alieleza kuwa uhusiano wa karibu na wa kudumu na mama, au na mtu anayeshika nafasi ya mama, ni wa lazima kwa akili ya mtoto kama virutubisho vilivyo vya lazima kwa mwili wake. Hoja hiyo iliwatikisa watu waliodhani kuwa mtoto aliyeshiba, aliyeogeshwa na kulazwa pasafi hana anachokosa. Mwaka 1973 Joseph Goldstein, Anna Freud na Albert Solnit walitoa kitabu kilichowaambia majaji wa Marekani kuwa mzazi wa kweli machoni pa mtoto ni yule anayemlea siku hadi siku, awe amemzaa au hakumzaa. Huku kwetu, Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inachukulia kuwa ni heri mtoto wa chini ya miaka saba aishi na mama yake. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na mahakama inatakiwa kuangalia ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumbadilishia mlezi. Huo ni uamuzi wa busara. Lakini Marekani na sehemu za Ulaya zimekwenda mbali zaidi. Huko mwanasaikolojia huteuliwa kumtazama mtoto akiwa na mzazi wake wa damu, kisha akiwa na walezi wa kambo, halafu anaiandikia mahakama mwambatano upi una nguvu. Ripoti hiyo inaweza kuwa sababu ya mzazi kufutiwa haki zake zote, na hukumu ya namna hiyo kwa kawaida haina njia ya kurudi.

Ili kuona udhaifu wa jambo hili, ni vizuri kuanza na mahali kipimo chenyewe kilipozaliwa, na mahali hapo ni jirani kabisa. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala kwa sababu mumewe alipata kazi katika Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Jamii. Akaanza kuzitembelea familia 26 za Kiganda vijijini, zenye watoto wachanga 28. Alikwenda mchana, saa ambazo akina mama hupokea wageni, akakaa sebuleni na mkalimani, akarudi tena na tena kwa miezi kadhaa. Aliona mtoto anavyotambaa kwenda kuchezea mlangoni kisha anageuka kuhakikisha mama bado yupo; anavyonyamaza akibebwa na mmoja na kuendelea kulia akibebwa na mwingine. Kitabu chake juu ya watoto hao kilitoka mwaka 1967. Alipohamia Baltimore, Marekani, alizifuatilia familia nyingine 26 kwa utaratibu uleule wa kwenda nyumbani, kwa takriban saa 72 kwa kila familia katika mwaka wa kwanza wa mtoto. Ni kwa ajili ya utafiti huo ndipo alipobuni jaribio lililompa jina duniani. Kuna chumba, viti na midoli sakafuni. Mama anaingia na mtoto wa umri wa mwaka mmoja hivi. Mgeni anaingia, anakaa kimya, anazungumza na mama, kisha anamsogelea mtoto. Mama anatoka, anarudi, anatoka tena, na safari hii mtoto anabaki peke yake. Mgeni anarudi, halafu mama. Vipande ni vinane, vingi vya dakika tatu, jumla kama dakika 20. Watafiti hutazama zaidi ile nukta ya mama kurudi: je, mtoto anamwendea, akabembelezeka na kurejea kwenye mchezo, anageuza uso kana kwamba hakuna aliyeingia, au anamng'ang'ania huku akimpiga mateke?

Ukiitazama historia hiyo kwa makini, utaona kuwa dakika 20 hazikuwahi kujitegemea. Zilipata thamani kwa sababu nyuma yake kulikuwa na saa 72 za kukaa majumbani, na Ainsworth aliweza kuonyesha kuwa kinachotokea chumbani kinaelekea kulingana na alichokiona jikoni na kitandani kwa mwaka mzima. Zilikuwa kifupisho cha kitabu kirefu. Mahakama imechukua kifupisho ikakitupa kitabu. Tena mara nyingi haipewi hata kifupisho chenyewe, kwa sababu jaribio lile lilitengenezwa kwa watoto wa umri fulani, na linahitaji watu waliofunzwa kwa muda mrefu kuisoma picha ya video mara kwa mara. Kinachofika mezani kwa hakimu kwa kawaida ni maelezo ya mtu aliyekaa na familia saa moja au mbili katika chumba cha ofisi, akiazima msamiati wa sayansi ambayo hakuifanya. Mtoto hakuwa na hamu ya kucheza, mtoto hakulia mzazi alipoaga, mtoto alimkimbilia mlezi wa kambo. Kila sentensi kati ya hizo inaweza kuwa kweli, na kila moja ina maelezo kumi. Huenda mtoto alikuwa na usingizi. Huenda alikuwa amejifunza kuwa kulia wakati wa kuagana hakubadili kitu. Huenda mzazi, akijua kuwa kalamu inaandika, alikaa kama mtu aliye mbele ya polisi, na mtoto akaisoma hofu hiyo kabla ya afisa.

Watafiti wenyewe wamelisema hili, na kwa sauti kubwa. Mwaka 2017 kundi la wataalamu likiongozwa na Pehr Granqvist lilichapisha onyo kuhusu aina ya mwambatano inayoitwa uliovurugika, ambayo maafisa wa baadhi ya nchi walikuwa wanaichukua kama dalili ya mateso. Walieleza kuwa mtoto anaweza kuonyesha hali hiyo bila kuteswa na mtu, na mtoto aliyeteswa anaweza asiionyeshe. Hata katika familia za kawaida zisizo na hatari ya wazi, karibu asilimia 15 ya watoto huingizwa katika kundi hilo. Mwaka 2021 watafiti wapatao 70 wakiongozwa na Tommie Forslund waliandika kwa pamoja kuhusu mwambatano mahakamani, na wakasema vipimo hivi vinafaa kulinganisha makundi ya watoto katika utafiti, ila havina usahihi wa kutosha kuamua hatima ya mtoto mmoja. Tofauti hiyo si ya kitaalamu tu, ni ya kimaadili. Kujua kwamba watoto mia wa namna fulani kwa wastani watapata shida zaidi kuliko watoto mia wengine ni elimu yenye faida kwa serikali inayopanga huduma. Kumwambia mama mmoja kwamba mwanawe ni miongoni mwa hao mia, kwa hiyo hatarudi nyumbani, ni kumhukumu mtu kwa makosa ya wastani. Hakuna mahakama inayomfunga mtu kwa sababu vijana wa mtaa wake huiba. Haki hudai ushahidi juu ya huyu aliyesimama hapa.

Hapo bado hatujagusa swali la nani anastahili kuwemo chumbani. Kipimo kilichozoeleka kinamweka mtoto na mtu mmoja, kana kwamba moyo wa mtoto una kiti kimoja. Afrika Mashariki na ya Kati imetoa ushahidi mwingi kinyume cha hapo. Katika msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, Edward Tronick na wenzake waliwachunguza Waefe, wakakuta mtoto mchanga anapitishwa mikononi mwa watu wengi kwa siku moja, na wanawake wengine humnyonyesha. Miongoni mwa Wakisii wa Kenya, Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman waliandika mwaka 1986 juu ya watoto walioambatana na mama zao na pia na dada wadogo wanaowabeba. Utafiti huo wa Kisii una jambo dogo lenye funzo kubwa. Mtoto wa huko amezoea kuona watu wazima wakisalimiana kwa kupeana mikono, na mtu mzima humsalimia hata mtoto hivyo. Mama aliporudi, mtoto mtulivu hakumrukia wala kumkumbatia kama mtoto wa Baltimore, alinyoosha mkono. Mtazamaji asiyejua desturi angeandika kuwa mtoto hakuonyesha hisia. Aliyeijua aliona mtoto anayempokea mama yake kwa heshima na furaha ya watu wake. Fikiria sasa familia ya Kisomali au ya Kikongo iliyohamia Minnesota au Oslo, na afisa aliyefunzwa kutafuta kukumbatiana. Haitakiwi nia mbaya ili makosa yatendeke; inatosha macho kuwa yamezoea salamu za kwao.

Kuna watakaonipinga hapa kwa kusema kuwa hoja ya utamaduni na ya ukoo ni mlango wa kujifichia. Wana sababu ya kuhofu. Tumeona mtoto akikabidhiwa kwa ndugu kwa jina la mila, akageuzwa mtumishi wa nyumba, akalala jikoni huku watoto wa mwenye nyumba wakienda shule. Tumesikia maovu yakimalizwa kifamilia ili jina lisiharibike. Mkono mmoja haulei mwana, ndiyo, lakini mikono mingi inaweza pia kumwachia mtoto aanguke, kila mmoja akidhani mwenzake amemshika. Nakubali yote hayo, na hayaidhoofishi hoja yangu, yanaitia nguvu. Mtoto aliyegeuzwa mtumishi haokolewi na kipimo cha mwambatano. Huenda ameambatana sana na shangazi anayemtumikisha, kwa sababu mtoto huambatana na aliyepo, hata akiwa mkali, hata akiwa mwovu. Hili watafiti walilijua tangu mwanzo: mtoto anayepigwa bado humkimbilia anayempiga akiogopa, maana hana mwingine. Kinachomwokoa ni mtu anayeuliza maswali ya wazi: analala wapi, anakula nini na saa ngapi, nani anamfuata akiumwa usiku, mgongo wake una alama gani, shule inasemaje? Hayo ni maswali ya malezi. Yanajibika, yanathibitishwa, na mshtakiwa anaweza kuyajibu. Swali la nani anapendwa zaidi haliwezi kuthibitishwa, na asiyekubali jibu lake hana njia ya kulikanusha.

Pingamizi zito zaidi linahusu muda. Mtoto hawezi kusubiri, wanasema. Mwaka mmoja kwa mtu mzima ni robo ya maisha kwa mtoto wa miaka minne. Ushahidi wa Bucharest uko upande wao. Kuanzia mwaka 2000, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika makao ya Romania, nusu yao wakapelekwa kwa kura kwenye familia za kambo. Waliopata familia kabla ya kufikisha umri wa miaka miwili hivi walijenga mwambatano ulio salama kuliko waliochelewa. Basi, wanauliza, tutawezaje kumngoja mzazi mlevi apone? Swali ni la haki, lakini tuangalie ushahidi huo unalinganisha nini. Unalinganisha makao, ambapo wahudumu huja na kuondoka kwa zamu na mtoto hana wa kwake, na familia, ambapo yupo mtu yuleyule asubuhi na jioni. Haulinganishi mama maskini na familia tajiri. Funzo lake ni kwamba mtoto apatiwe watu wa kudumu mapema, na njia fupi kuliko zote ya kupata watu wa kudumu ni kuwasaidia wale alionao tayari, kama wanasaidika. Hatari inapokuwa ya wazi, mtoto aondolewe leo, na kwa kumwondoa hakuna haja ya kupima chochote zaidi ya hatari yenyewe. Haraka ya kumwokoa mtoto kutoka motoni haihalalishi haraka ya kutangaza kuwa hana wazazi.

Tena muda wenyewe una mwenyewe, naye mara nyingi ni serikali. Sulemani aliagiza upanga lakini hakukata. Katika mashauri mengi ya leo, upanga umekwisha kukata kabla ya mtu yeyote kuanza kupima. Mtoto ameondolewa, amekaa mwaka mmoja au miwili kwingine, amemwona mzazi wake kwa saa za kuhesabu, ndipo mtaalamu anaitwa aseme kama mwambatano upo. Kesi moja iliyotoka Norwei na kuhukumiwa na Baraza Kuu la Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu tarehe 10 Septemba 2019 inalionyesha hilo waziwazi. Mtoto alichukuliwa akiwa na umri wa wiki chache. Mama aliruhusiwa kumwona mara chache kwa mwaka, saa mbili kila mara, chini ya usimamizi. Baadaye mahakama za nchi hiyo ziliruhusu mtoto aasiliwe bila ridhaa ya mama. Kwa kura 13 dhidi ya 4, majaji wa mahakama hiyo ya Ulaya walisema haki ya maisha ya familia imevunjwa, na miongoni mwa sababu zao ni kwamba mikutano michache kiasi kile isingeweza kutoa msingi wa kutosha wa kuupima uwezo wa mama, na kwamba ripoti za wataalamu zilikuwa za zamani. Naona hapo kanuni pana kuliko kesi yenyewe. Aliyesababisha umbali hana haki ya kuuleta umbali huo kama ushahidi. Ripoti inayosema mtoto hamjui mama yake, bila kusema ni nani aliyepanga waonane mara ngapi, imeandika nusu ya habari, na mahakama iliyopewa nusu ya habari haijapewa habari.

Kuna kosa jingine lililojificha katika kulinganisha, nalo ni kudhani kuwa mapenzi ya mtoto kwa huyu ni hasara kwa yule. Vitabu vya dini vinasimulia kisa kinachopinga dhana hiyo kuliko hoja yoyote ya darasani. Musa alitiwa mtoni na mama yake, si kwa kumtupa, bali kwa kukosa njia nyingine ya kumnusuru. Dada yake akamfuata kando ya maji. Katika Kitabu cha Kutoka aliyemwokota ni binti wa Farao. Katika Surat al-Qasas ni watu wa Firauni waliomwokota, na mke wa Firauni akamwombea asiuawe. Qurani inaongeza kuwa mtoto aliyakataa maziwa ya wanyonyeshaji wote mpaka dada yake alipowaelekeza kwa mama. Matokeo yake Musa akalelewa na nyumba mbili: ziwa la mama na ulinzi wa jumba la mfalme. Hakuna aliyemwuliza achague, na hakuna andiko linalosema upendo wa mmoja ulikuwa wa uongo kwa sababu mwingine alipenda pia. Jimbo la New Jersey huko Marekani limehangaika na jambo hili hadharani. Kwa miaka mingi sheria yake iliruhusu madhara ya kumtenga mtoto na walezi wa kambo yawe sababu ya kufuta haki za mzazi. Mwaka 2021 kipengele hicho kiliondolewa. Naielewa sababu: mzazi aliyekwisha kujirekebisha alikuwa anashindwa na ukweli kwamba mtoto amempenda mwingine, kosa ambalo hakulifanya yeye. Lakini kulifumbia macho pendo la mlezi wa kambo nako ni kumwibia mtoto. Njia ya haki zaidi ni kuacha kushindanisha. Mtoto akirudi kwa mama, aendelee kumwona aliyemlea; akibaki kwa mlezi, mama asifutwe bila sababu nzito ya usalama. Kafala ya Kiislamu, inayotajwa hata katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, imeishi karne nyingi kwa msingi huohuo: unamlea mtoto kwa ukamilifu bila kumfutia nasaba yake.

Wapo watakaosema kuwa dini zenyewe zimewahi kumpa mtoto nafasi ya kuamua, na kwa hiyo haiwezi kuwa vibaya kutafuta moyo wake umeelekea wapi. Kweli, katika mkusanyo wa Abu Daud ipo Hadithi ya mtoto aliyeambiwa achague kati ya baba na mama, akaushika mkono wa mama. Lakini yule alikuwa mtoto wa kuelewa anachoulizwa. Kumsikiliza mtoto anayeweza kusema ni kumheshimu kama mtu, na sheria za Tanzania na Kenya zinadai asikilizwe. Kumtazama mtoto wa miezi kumi na minane kwa kificho, kisha kuyageuza machozi yake kuwa kura, ni kumtumia kama chombo cha kesi ya wakubwa. Katika mkusanyo huohuo ipo Hadithi nyingine, ya mwanamke aliyedai mwanawe aliyetaka kuchukuliwa na baba. Hoja yake haikuwa kwamba mtoto anampenda. Alitaja tumbo lililombeba, maziwa yaliyomlisha na mapaja yaliyompakata. Akaambiwa ana haki zaidi maadamu hajaolewa tena. Sharti hilo la mwisho wanazuoni wamelijadili sana na sina haja ya kuliingia. Ninachokiona ni aina ya ushahidi uliokubaliwa: kazi iliyofanywa, siku baada ya siku, na mwili uliochoka kwa ajili ya mwingine. Kuzaa si kazi, kazi kulea, na kazi huacha alama ambazo hakimu anaweza kuziona.

Linabaki pingamizi la mwisho, la watu wa mahakamani wenyewe. Ukimnyang'anya hakimu kipimo cha kitaalamu, wanasema, utamwachia hisia zake, na hisia za hakimu ni mbaya zaidi kuliko kipimo chenye kasoro. Ataangalia nani amevaa vizuri, nani anazungumza kwa utulivu, nani ana nyumba ya vigae. Hatari hiyo ipo. Ila tukumbuke kuwa kipimo chenye kasoro hakiziondoi hisia hizo. Kinazivisha koti jeupe. Mama aliyetembea kilomita kadhaa kufika ofisini, aliyepoteza kibarua cha siku kwa ajili ya saa moja ya kumwona mwanawe, anakaa kwa uchovu, na uchovu huo unaandikwa kuwa ubaridi. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya mwaka 2009 inasema wazi kuwa umaskini peke yake usiwe kamwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake. Umaskini hauingii mahakamani kwa jina lake. Huingia kama kukosa mwitiko, kukosa midoli, kukosa muda. Wataalamu tunawahitaji sana, lakini kwa kazi wanayoiweza. Wanaweza kukaa na familia mara nyingi na nyumbani kwake, kueleza mtoto anahitaji nini katika umri wake, kusema mzazi amejifunza nini na bado nini, na kupendekeza msaada. Utafiti umeonyesha kuwa mzazi anaweza kufundishwa kuzisoma ishara za mtoto wake, na kwamba mwambatano hubadilika malezi yanapobadilika. Huo ndio ugunduzi wenye matumaini kuliko wote katika elimu hii, na unapingana moja kwa moja na matumizi yake kama hukumu ya mwisho.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hakuna sheria itakayomfanya hakimu aujue. Hatakiwi kuujua. Anatakiwa kujua mambo anayoweza kuyajua kwa haki: kama mtoto yuko salama, nani amekuwa akimlea na kwa namna gani, msaada gani ulitolewa kabla ya kumwondoa, na ni nani atakayemkosa kila uamuzi utakapotolewa. Kwa hiyo, afisa ustawi wa jamii anayeandaa ripoti wiki hii aandike alichokiona, aandike alikitazama kwa muda gani na mahali gani, na aandike serikali ilifanya nini kabla ya siku hiyo. Pale anapotaka kuandika nani anapenda zaidi, aache nafasi wazi. Na hakimu akipokea ripoti iliyojaza nafasi hiyo, airudishe.